Siku 19 Mongolia: nyika, jangwa na milima, na kwa nini ningeacha moja kati ya hizo tatu

Mwana_wa_Chalbi (mwanzishaji wa uzi):

Wanajukwaa, salamu kutoka South C. Mwezi Aprili niliuliza hapa kama kuna aliyewahi kwenda Mongolia kwa safari ile ya kuchanganya farasi, ngamia, kutembea milimani na kulala kwa wafugaji, nikajibiwa na watu wawili, mmoja wao akitaka kujua iwapo nimekosana na mke wangu. Nimerudi salama, na kwa kuwa niliahidi taarifa, naiandika yote mahali pamoja.

Natanguliza hoja yangu ili mwenye haraka aondoke nayo. Mongolia ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.56, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya Kenya, na watu wake wote ni kama milioni 3.5, ambao karibu nusu yao wanaishi Ulaanbaatar. Ukishauacha mji mkuu, kinachobaki ni umbali. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia nyika ya kati, jangwa la Gobi na milima ya Altai katika safari moja ya wiki mbili na nusu anakuuzia, kwa sehemu kubwa, kiti cha gari. Kati ya siku zangu 19 nilihesabu nane ambazo mchana wake uliishia barabarani, na neno barabara nalitumia kwa ukarimu, maana mara nyingi zilikuwa alama za magurudumu zilizotawanyika nyikani kama mkeka uliofumuka, dereva akichagua mojawapo kwa kutazama mlima ulio mbele. Gari lenyewe lilikuwa UAZ, lile ambalo Warusi walioliunda huliita mkate kwa sababu ya umbo lake, na kweli ni boflo lenye magurudumu. Linapita popote na halimhurumii mtu mgongo.

Tulianzia Khustai, kama kilomita 100 magharibi mwa Ulaanbaatar, kuwaona takhi. Hawa ni farasi wa mwitu waliokuwa wametoweka kabisa porini, wakabaki katika bustani za wanyama za nchi za mbali, hadi walipoanza kurudishwa Mongolia mwaka 1992. Aliyezoea pundamilia wa Mbuga ya Nairobi atawatambua upesi kwa shingo nene na manyoya ya shingoni yaliyosimama wima kama brashi. Tuliwaona jioni wakishukia maji, kwa mbali, kwani hairuhusiwi kuwakaribia.

Kutoka hapo tuliingia bonde la mto Orkhon, ambalo UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Ndipo palipokuwa na Karakorum, mji mkuu wa milki ya Wamongolia katika karne ya 13, ila msitarajie magofu ya kutisha kama ya Gede, kwa sababu kilichosalia juu ya ardhi ni kidogo mno, na kinachovutia zaidi ni makao ya watawa wa Kibudha ya Erdene Zuu, yaliyoanzishwa karne ya 16. Nilipita hapo haraka, kwa kuwa farasi walikuwa wakingoja.

Siku nne za farasi ndizo zilizonilipa nauli yangu yote. Farasi wa Mongolia ni mfupi, na mtu mrefu huona haya kidogo kumkalia, lakini anakwenda kutwa nzima akilalamika kidogo kuliko mpandaji wake. Tandiko la kienyeji ni la mbao, limeinuka mbele na nyuma, na vikuku vyake vya kukanyagia huwa vifupi hivi kwamba magoti hukunjika. Mwenyeji husimama juu ya vikuku farasi anapokwenda matiti, yaani mbio fupi fupi, ilhali mgeni aliyekaa kitako hurushwa hadi meno yakagongana. Ombeni tandiko la ngozi, tena liombeni kabla ya kulipa. Farasi hawapewi majina bali hutajwa kwa rangi zao, na lugha yao ina maneno mengi sana ya rangi za farasi, kiasi kwamba kiongozi wetu alipojaribu kunitafsiria alichoka akaniambia wote ni "kahawia". Nilicheka, maana mjomba wangu wa North Horr akiulizwa rangi ya ngamia wake na mtu wa Nairobi hujibu vivyo hivyo.

Kila jioni tulifika kwenye geri, nyumba ya mviringo yenye kuta za fito zinazokunjika kama wavu, iliyofunikwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa ikawa nzito kama blanketi kumi, jiko likiwa katikati na mlango ukitazama kusini. Anayeijua nyumba ya Wagabra, inayovunjwa asubuhi na kupandishwa juu ya ngamia, hahitaji maelezo zaidi. Adabu zake si nyingi, lakini zinaangaliwa: usikanyage kizingiti, ukiingia shika upande wa kushoto, pokea kitu kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili, usinyooshe nyayo kuelekea jikoni, wala usitupe taka motoni. Hodi nayo haipigwi. Ukiwa bado nje unapaza sauti "nokhoi khor", yaani shikeni mbwa, hata kama huoni mbwa yeyote. Utaletewa chai ya maziwa yenye chumvi na, wakati wa kiangazi chao, yaani miezi ya joto, airagi, ambayo ni maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa na yenye kileo kidogo. Mwenye mazoea ya mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kibuyuni kwa mkaa, hatashtushwa na ukali wake, ila atautafuta mkaa asiuone.

Usiku wa tatu mwenyeji wetu aliposikia kwamba nimekulia Marsabit katika jamii ya wafugaji, mazungumzo yalibadilika kabisa, akaacha kuniuliza kuhusu simba akaanza kuniuliza kuhusu ukame. Kwao adui si jua bali ni dzudi: kiangazi kikipita bila mvua ya kutosha, mifugo huingia majira ya baridi ikiwa imekonda, kisha theluji nzito au tabaka la barafu hufunika nyasi, na wanyama hufa kwa njaa wakiwa wamesimama juu ya malisho yao. Katika dzudi ya 2009 hadi 2010 nchi ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 8, na katika ile ya 2023 hadi 2024 zaidi ya milioni 7. Nilimweleza jinsi mizoga ilivyolala kandokando ya barabara ya kwetu mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu. Aliuliza swali moja tu, nalo ni ngamia wangapi walibaki. Hakuna ratiba ya utalii inayoweza kuandikwa kipengele hicho, na hakipatikani kwa mtu anayefika geri saa mbili usiku akiwa amechoshwa na gari na kuondoka alfajiri.

Gobi ilichukua siku tano, na tatu kati yake zilikuwa za kuendesha, kwani kutoka Ulaanbaatar hadi Dalanzadgad pekee ni zaidi ya kilomita 500. Tuliona korongo la Yolyn Am, ambako barafu hubaki kivulini hadi mwezi wa Julai ndani ya jangwa, na tukapanda vilima vya mchanga vya Khongoryn Els, vinavyofikia takriban mita 300 kwenda juu, ambavyo mchanga wake ukiporomoka hunguruma kama ndege ya mbali. Ngamia wao wana nundu mbili, na mpandaji hukaa katikati kama aliyebanwa na mito ya sofa. Ni raha kuliko wetu, ingawa mnyama mwenyewe katika kiangazi huwa amepukutisha manyoya nusu na anaonekana kama godoro lililochanika.

Mwisho tuliruka hadi Ölgii, magharibi kabisa, tukaelekea Altai Tavan Bogd, yaani Watakatifu Watano, penye kilele cha Khuiten, ambacho kwa mita 4,374 ndicho kirefu kuliko vyote nchini humo. Khuiten hutaka kamba, vyuma vya viatuni na mtu anayejua mipasuko ya barafu. Sisi tulipanda Malchin, kinachopita kidogo mita 4,000 na kisichohitaji zaidi ya miguu na pumzi, kilicho mpakani kabisa na Urusi. Chini yake kuna mto wa barafu wa Potanin, wenye urefu wa kilomita zipatazo 14, na kwa mtu aliyeziona barafu za Mlima Kenya zikiyeyuka mwaka hadi mwaka, kusimama juu ya kitu kama kile kunanyamazisha. Malchin, kwa lugha yao, ni mchungaji.

Kama ningerudia, ningeiacha Gobi, nikazigawa siku zake kati ya farasi na Altai. Nasema hivyo nikiwa mtoto wa jangwa.

Binti_Pangani:

Ahsante sana, ndugu, kwa taarifa iliyoshiba. Natarajia kwenda mwakani pamoja na wenzangu watatu, kwa hiyo naomba ufafanue njia uliyopitia, mwezi unaofaa na kiwango cha mazoezi kinachotakiwa, kwa sababu mimi hufanya kazi ya ofisini na farasi wa pekee niliyewahi kumpanda ni yule wa kukodi ufukweni.

Mwana_wa_Chalbi:

Dada, mkiwa wanne mmebahatika, kwa kuwa gharama kubwa nchini humo ni gari, dereva na mafuta, ambazo hugawanywa kwa idadi ya watu. Nilipitia Istanbul, na saa zao ziko tano mbele ya zetu. Nendeni kati ya katikati ya Juni na mwanzo wa Septemba. Tarehe 11 hadi 13 Julai ni sikukuu ya Naadam, yenye mieleka, upinde na mbio za farasi zinazoendeshwa na watoto. Inapendeza, lakini vyumba vya mjini hujaa na madereva wazuri hushikwa mapema. Mtashangaa pia kwamba mwezi huo jua la Ulaanbaatar huchwa karibu saa tatu usiku, na sisi watu wa ikweta hujikuta tunatembea bila kujua kuwa ni wakati wa kulala.

Kuhusu mwili, mapafu ya Nairobi yanatosha, kwa kuwa Ulaanbaatar iko chini kuliko mji wetu, kwenye mita kama 1,350. Tembeeni vilima vya Ngong mwanzo hadi mwisho kila wiki mbili mkiwa na mizigo mgongoni. Kinachoumia ni mapaja, na dawa yake ni masomo ya farasi yasiyopungua sita upande wa Karen kabla ya kuondoka. Viza ishughulikieni miezi mitatu kabla, na kwa kuwa Tavan Bogd iko mpakani na Urusi na China, hakikisheni mwenyeji wenu amewaombea kibali cha eneo la mpaka.

Mzee_wa_Langata:

Mwanangu, nimesoma kwa furaha, lakini niruhusu nikusahihishe kwa upole wa kizee. Tunao Chalbi, tunalo bonde la Suguta, tunao Mlima Kenya wenye mita 5,199 ambao vijana wengi wa Nairobi huutazama kutoka Thika Road siku mawingu yakifunguka na hawajaukanyaga, na Maralal kuna mashindano ya ngamia. Mbona mtu apande ndege mbili kwenda kutazama mchanga na mifugo?

Mwana_wa_Chalbi:

Shikamoo, mzee. Kwa upande wa mchanga nimekubali, na ndiyo sababu nimesema Gobi ningeiacha. Kwa upande wa mifugo kuna jambo ambalo hapa kwetu linatoweka, nalo ni ardhi isiyo na ua. Katiba yao ya 1992 hairuhusu malisho kuwa mali ya mtu binafsi, na matokeo yake ni kwamba tuliendesha farasi siku nne bila kufungua lango hata moja. Wewe uliyeiona Kitengela ya zamani unajua ninazungumzia nini. Nilipomweleza mwenyeji wetu kuhusu nyaya za kule, alidhani kiongozi amekosea tafsiri.

Mlinzi_wa_Visukuku:

Nakupinga kuhusu Gobi, bwana, tena umepita kimya mahali ambapo hapakustahili kupitwa. Hukutaja Bayanzag, ile miamba myekundu ambako mwaka 1923 msafara wa Roy Chapman Andrews ulipata mayai ya dinosauri. Mayai hayo yalidhaniwa kuwa ya dinosauri aitwaye Protoceratops, na mifupa ya mnyama mwingine iliyokutwa juu yake ikapewa jina la Oviraptor, yaani mnyakuzi wa mayai, kwa dhana kwamba alikufa akiiba. Miaka kama 70 baadaye kilipatikana kiinitete ndani ya yai la aina hiyo, ikadhihirika kwamba mayai yalikuwa ya jamii yake mwenyewe. Mzazi alifia kwenye kiota na akabaki na jina la mwizi, kwa sababu kanuni za kutaja viumbe hazina rufaa.

Mimi hupeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Taifa kumwona Mvulana wa Turkana, aliyepatikana Nariokotome mwaka 1984, na kwa mtu wa kazi yangu kuacha Bayanzag ili kuongeza siku mbili za farasi ni kosa. Tahadhari moja kwa Binti_Pangani: ukiokota kipande chochote cha mfupa, kirudishe ulipokitoa, kwa sababu kukitoa nchini ni kosa la jinai. Mwaka 2013 Marekani ililazimika kuirudishia Mongolia mifupa mizima ya dinosauri aitwaye Tarbosaurus iliyokuwa imefika mnadani.

Mwana_wa_Chalbi:

Nimekemewa kwa haki, mwalimu. Tulifika Bayanzag saa kumi na moja jioni na kuondoka kabla ya giza, na hilo linathibitisha malalamiko yangu: miamba ilikuwepo, muda haukuwepo.

Nahodha_wa_Umoja:

Ninyi nyote mmesahau maji. Mimi nilikwenda kaskazini, kwenye ziwa Khövsgöl, lenye urefu wa kilomita 136 na kina cha mita 262, nikapiga kasia la kayaki siku tatu kando ya misitu. Maji ni maangavu hivi kwamba unaona mawe ya chini kana kwamba mtumbwi unaning'inia hewani. Mimi ni mzaliwa wa Lamu na sikuwahi kuyaogopa maji hadi pale, kwa sababu hata mwezi wa Julai yana baridi ya kumpooza mwogeleaji hodari kwa dakika chache. Jaketi la kuokolea halivuliwi hata pakiwa shwari, na upepo wa alasiri ukianza mnatoka majini, hakuna mjadala. Ushauri wangu kwa mtu wa safari ya kwanza ni Orkhon na Khövsgöl tu, na jangwa na Altai yangoje safari ya pili.

Tabibu_Kariobangi:

Naongeza machache ya afya. Mbwa wa wafugaji hufunzwa kulinda, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa ifikiriwe kabla ya safari, hasa kwa kuwa hospitali iko mbali mno. Kuna pia mnyama wa ardhini aitwaye mamoti, mnono na wa jamii ya kindi, ambaye hubeba tauni. Usimguse, usimle, na usiache udadisi wa mapishi ukushinde. Maji yachemsheni. Bima iwe inayotaja wazi kupanda farasi na kusafirishwa kwa ndege, kwani bima nyingi za wasafiri huvitenga vitu hivyo katika maandishi madogo.

Jirani_wa_Eastleigh:

Nina swali la chakula. Mimi ni Mwislamu, na nimesikia kwamba huko nyama ndiyo kila kitu.

Mwana_wa_Chalbi:

Ndugu, ukifika Bayan-Ölgii, mkoa wenye ule mji wa Ölgii, utajiona uko nyumbani, kwa sababu wakazi wengi wa huko ni Wakazaki na ni Waislamu. Salamu ya assalamu alaikum niliyoitoa kwa mzee mmoja ilifungua mlango ambao Kimongolia changu cha maneno sita kisingeufungua. Hao ndio wenye desturi ya kuwinda mbweha kwa tai wa dhahabu wakati wa baridi. Hutumia tai jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, na baada ya miaka kadhaa humwachia arudi porini. Sehemu nyingine za nchi wengi ni Wabudha, kwa hiyo waambie wenyeji wako mapema, ubebe dagaa, njugu na uji, na ukubali kwamba utakunywa maziwa mengi.

Binti_Pangani:

Mmenichanganya na kunisaidia kwa wakati mmoja. Tumekubaliana wenzangu nami kwamba tutakwenda Orkhon na Khövsgöl, na Mlinzi_wa_Visukuku anisamehe. Swali la mwisho: tuwapelekee wenyeji zawadi gani kutoka Nairobi?

Mwana_wa_Chalbi:

Peleka majani ya chai. Nilibeba pakiti sita za chai ya Kericho, na nilipompa mama mwenye geri ya Orkhon alizinusa kwa muda mrefu, akachemsha maji, akamimina maziwa ya yak, ng'ombe wao wa manyoya marefu, na konzi ya chumvi kabla sijaweza kusema lolote. Nilikunywa bakuli mbili. Asubuhi kiongozi aliniambia kwamba majirani watatu walikuwa wamekuja kwa farasi kuionja, na kwamba mama alikuwa anauliza kama ile nyeusi ndiyo chai halisi au ni kitu tunachokunywa wakati mifugo haina maziwa.